Kwa nini Tanzania ililipa mamilioni ya dola kwa migodi ambayo haikufunguliwa?

Mwezi Oktoba 2023 serikali ya Tanzania ilikubali kuilipa kampuni ya Winshear Gold ya Canada dola milioni 30 za Marekani, takriban shilingi bilioni 75 kwa thamani ya wakati ule. Fedha hizo zilimaliza mgogoro juu ya mradi wa dhahabu katika ukanda wa Lupa, unaozigusa wilaya za Chunya na Songwe. Mradi uliitwa SMP, kwa majina ya Saza na Makongolosi. Ulikuwa bado katika hatua ya utafiti.

Kwa wakazi wa Galula na kata jirani za wilaya ya Songwe, habari hii haiko mbali. Wageni wenye mitambo wamekuwa wakifika bonde la Ziwa Rukwa kwa miongo mingi. Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ya Marekani ilichimba kisima cha kutafuta mafuta kilichopewa jina la Galula. Leo bondeni humo inatafutwa gesi ya heliamu, na huko Ngwala yapo madini adimu. Kila mwekezaji huja na leseni. Wengine huja pia na ulinzi ambao wanakijiji hawauoni: mkataba uliosainiwa kati ya nchi na nchi.

Mgogoro ulianzaje?

Mwaka 2017 Bunge lilirekebisha Sheria ya Madini. Pamoja na mambo mengine, marekebisho hayo yaliipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa na ya kati bila kuzilipia, na yakaondoa leseni hodhi. Leseni hodhi ilimruhusu aliyegundua madini kushikilia eneo kwa muda bila kuchimba, kwa mfano akisubiri bei ipande. Hoja ya serikali ilieleweka: ardhi yenye mali isikaliwe miaka na miaka bila faida kwa nchi.

Kanuni za Januari 2018 zikafuta leseni hodhi zilizokuwapo, na maeneo yakarudi serikalini. Desemba 2019 Tume ya Madini ikatangaza zabuni kwa maeneo hayo. Kampuni zilizokuwa nayo zikasema zimenyang'anywa mali bila fidia.

Winshear ilitumia mkataba wa kulinda uwekezaji ambao Tanzania na Canada zilisaini mwaka 2013. Shauri lilifunguliwa mwaka 2020 katika Kituo cha Kimataifa cha Usuluhishi wa Migogoro ya Uwekezaji, ICSID, chenye makao yake Washington. Lilisikilizwa Februari 2023, na pande mbili zikapatana kabla ya uamuzi kutolewa.

Haikuwa kampuni pekee. Indiana Resources ya Australia, iliyokuwa na mradi wa nikeli wa Ntaka Hill huko Nachingwea, ilitumia mkataba wa Tanzania na Uingereza wa mwaka 1994, kupitia kampuni zake zilizosajiliwa Uingereza. Julai 2023 jopo la wasuluhishi liliipa ushindi wa zaidi ya dola milioni 109, na mwaka uliofuata pande hizo zikakubaliana kwa dola milioni 90. Novemba 2024 Montero ya Canada nayo ikakubali dola milioni 27 kwa mradi wa madini adimu wa Wigu Hill. Jumla ya mapatano hayo matatu ni dola milioni 147.

Je, sheria ya nchi haikutosha?

Mwaka huohuo wa 2017 Bunge lilipitisha sheria nyingine, ya umiliki wa kudumu wa utajiri na maliasili za nchi. Inasema migogoro ya maliasili isipelekwe kwenye mahakama au mabaraza ya nje. Wengi walidhani mlango umefungwa.

Lakini mkataba kati ya nchi mbili haufutwi na sheria ya mmojawapo. Tanzania iliahidi kwa maandishi kwamba mwekezaji kutoka nchi fulani akidhulumiwa anaweza kwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa. Ahadi hiyo husimama hadi mkataba wenyewe ubadilishwe au usitishwe.

Hata kusitisha kuna gharama yake. Tanzania iliufikisha mwisho mkataba wake na Uholanzi Aprili 2019. Hata hivyo, mkataba huo una kifungu kinachoendelea kuwalinda waliokwisha kuwekeza kwa miaka 15 zaidi. Aliyewekeza kabla ya tarehe hiyo bado amefunikwa.

Njia mpya ni zipi?

Ya kwanza ni kubadili mahali pa kushtakiana. Afrika Kusini ilisitisha mikataba mingi na nchi za Ulaya, kisha ikatunga sheria mwaka 2015 inayompeleka mwekezaji kwa mpatanishi na kwenye mahakama za ndani. Tanzania kwa upande wake ilipata Sheria mpya ya Usuluhishi mwaka 2020, iliyoanzisha kituo cha usuluhishi nchini. Ugumu wa njia hii ni imani: mwekezaji huuliza kama hakimu anayelipwa na serikali ataweza kuihukumu serikali.

Ya pili ni kuzuia ugomvi usifike barazani. Majirani zetu wa Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, walisaini na Brazil mwaka 2015 mkataba usiompa mwekezaji haki ya kuishtaki serikali moja kwa moja. Badala yake kila nchi huweka ofisi ya kupokea malalamiko mapema, na kamati ya pamoja hutafuta suluhu. Ikishindikana, nchi ndizo hushtakiana.

Ya tatu ni kumpa mwekezaji wajibu. Mkataba wa Morocco na Nigeria uliosainiwa mwaka 2016 unamtaka afanye tathmini ya athari kwa mazingira, aheshimu haki za binadamu na ajiepushe na rushwa. Mwelekeo huo umo pia katika Itifaki ya Uwekezaji ya Eneo Huru la Biashara la Afrika, iliyopitishwa na Umoja wa Afrika Februari 2023.

Mwananchi ana nafasi gani?

Katika mikataba ya zamani, ndogo sana. Mwekezaji anaweza kuishtaki serikali, ila kijiji kilichochafuliwa mto hakiwezi kumshtaki mwekezaji kwenye baraza hilohilo. Katika shauri la Biwater, kampuni ya Uingereza iliyohusika na maji ya Dar es Salaam, mashirika ya kiraia ya Tanzania yaliruhusiwa mwaka 2007 kuwasilisha maoni kwa maandishi. Hayakuruhusiwa kuona nyaraka za kesi wala kuingia kwenye kikao. Mwaka 2008 jopo liliona Tanzania ilikiuka mkataba, lakini halikuipa kampuni fidia yoyote.

Fundisho la leseni hodhi haliifungi mikono serikali isibadili sheria. Nchi ina haki ya kutaka sehemu kubwa zaidi ya mali yake. Kilichogharimu dola milioni 147 ni kufuta haki zilizokwisha kutolewa bila kuangalia kwanza ahadi zilizofungwa na nchi nyingine, na bila kupanga kipindi cha mpito au fidia.

Kwa hiyo kampuni mpya inapofika kwenye mkutano wa kijiji, pamoja na maswali ya ajira na barabara, lipo lingine la kumuuliza diwani na mbunge: kampuni hii imesajiliwa nchi gani, na tumeahidiana nini na nchi hiyo? Majibu yake huamua nani atalipa mambo yakiharibika, na mlipaji wa mwisho ni hazina inayojazwa na kodi zetu.