Treni ya kiganjani, na mama aliyeanza na bati



Juma hili tuanze na jambo ambalo kila mama ameliona kwake. Mtoto ameokota waya na makopo, amekata kandambili ya zamani kuwa magurudumu, na sasa anasukuma gari lake njiani. Mara nyingi tunamwita kwa sauti: acha uchafu huo, njoo uteke maji! Maji ni lazima, ndiyo. Lakini kabla hatujatupa gari hilo kwenye takataka, tusikilize habari ya kitu kimoja cha kuchezea kinachotoka Ujerumani.

Ni treni ndogo ya rangi nyekundu, yenye urefu wa sentimita 16 hivi. Unaweza kuiweka kiganjani. Ina madirisha, viti na taa za mbele. Ni mfano wa treni ya kweli ya mazuti iliyobeba watu kila siku. Wanaoinunua si watoto peke yao. Wengi ni watu wazima, hata wenye wajukuu, wanaoitandikia reli mezani na kuitazama ikizunguka.

Kwa nini mzee anunue treni ndogo? Tuangalie kwanza ile kubwa. Baada ya vita vikuu vya pili, njia nyingi ndogo za reli za vijijini Ujerumani zilikuwa zinaleta hasara. Mashine ya mvuke ilikula makaa mengi, ilitaka watu wa kuihudumia, na abiria walikuwa wachache. Mwaka 1950 kiwanda cha Uerdingen, katika mji wa Krefeld, kilitoa gari jepesi lililofanana na basi lililowekwa juu ya reli. Wajerumani waliliita Schienenbus, maana yake basi la reli. Moteri yake ya mazuti ilikaa chini ya sakafu. Aina iliyokuja baadaye, VT 98, ilipewa moteri mbili, kila moja ya nguvu za farasi 150.

Lilikuwa gari la watu wa kawaida. Likifika mwisho wa njia halikugeuzwa: dereva alihamia upande wa pili, na abiria waligeuza migongo ya viti ili watazame mbele. Dereva hakufichwa, na mtoto aliyekaa karibu naye aliiona njia yote ikija. Humo walipanda wafanyakazi, wanafunzi, na wamama wenye vikapu vyao. Njia nyingi zilizokuwa karibu kufungwa ziliendelea kwa miaka kwa sababu ya gari hilo, hata watu wakaliita mwokozi wa njia ndogo. Basi mzee anapolinunua leo katika umbo la sentimita 16, ananunua asubuhi zake za kwenda masomo.

Mafundi wanaotengeneza treni hizi hawakisii kwa macho. Kipimo kinachotumiwa sana ni 1 kwa 87: kila sentimita 87 za kitu cha kweli zinakuwa sentimita 1. Gari la karibu mita 14 linakuwa sentimita 16. Nafasi kati ya reli mbili, ambayo kwa kweli ni milimita 1,435, inakuwa milimita 16.5. Mama mwenye urefu wa mita 1 na sentimita 60, akipunguzwa hivyo, hafikii hata sentimita 2! Na treni hii ndogo hainywi mazuti. Inaendeshwa na moteri ya umeme, na umeme huo unapita katika reli baada ya kupunguzwa nguvu. Mngurumo wa mazuti, kwa zile zilizo nao, unatoka katika kipaza sauti kidogo kilichofichwa ndani.

Kiwanda kimoja kilichotengeneza mfano wa basi hilo la reli ni Märklin, cha mji wa Göppingen. Na hapa ndipo habari hii inapoingia nyumbani kwetu, kwa sababu kiwanda hicho hakikuanza na treni. Kilianza na jiko.

Mwaka 1859, fundi wa bati Theodor Märklin alianza kutengeneza vyombo vidogo vya jikoni vya bati, vya watoto kuchezea na midoli. Aliyevitembeza ni mke wake, Caroline. Alisafiri Ujerumani na hata kuvuka mpaka mpaka Uswisi, akionyesha mali na kuandika maagizo ya wateja. Wakati ule mwanamke kusafiri kwa biashara hakukuwa jambo la kawaida. Anahesabiwa kati ya wanawake wa kwanza wa nchi yake kufanya kazi hiyo.

Mwaka 1866 mume akafariki. Caroline akabaki mjane mwenye watoto wadogo na karakana ya bati. Angeweza kuifunga na kuuza vifaa, na pengine hakuna ambaye angemlaumu. Hakufunga. Aliibeba kazi hiyo miaka zaidi ya 20, mpaka mwaka 1888 wanawe walipoipokea.

Mwaka 1891 wana hao walionyesha katika soko kuu la Leipzig treni ya kujazwa kwa ufunguo, yenye reli za kuunganishwa kwa umbo la 8. Wazo lao la kuuza lilifanana na lile la jiko la midoli. Mtu hanunui jiko zima siku moja: leo sufuria, mwaka kesho kabati. Vilevile leo treni na reli chache, kesho behewa, kesho kutwa daraja na kituo. Kwa hiyo walipanga vipimo maalum, ili kipande cha baadaye kikubaliane na cha zamani, na mteja awe na sababu ya kurudi.

Wamama wa vikundi, hilo tulifikirie. Anayeshona nguo za masomo, anayefuma vikapu, anayeuza vyombo: je, mteja wako akirudi mwakani atapata kinachokubaliana na alichonunua mwaka huu?

Tena tusidanganyike na jina kubwa. Mwaka 2009, mwaka wake wa 150, Märklin ilishindwa kulipa madeni na ikawekwa chini ya usimamizi wa sheria. Iliponea chupuchupu, na mwaka 2013 ikanunuliwa na familia nyingine ya biashara ya vitu vya kuchezea. Sifa za jana hazilipi deni la leo. Daftari la hesabu linatakiwa kila juma, katika kiwanda na katika likelemba yetu pia.

Basi jioni hii, maji yakishatekwa, mwite mtoto mwenye gari la makopo. Angalia kwanza kama bati lina ncha kali, mkunje pamoja. Mwambie asiguse kamwe umeme wa nyumbani kwa ajili ya mchezo, na avifiche vipande vidogo mbali na mdogo wake anayetia kila kitu mdomoni. Kisha mpe kamba, mpime pamoja gari la kweli lililosimama njiani, mgawanye urefu wake kwa 20, naye atengeneze lake kwa kipimo hicho. Atakuwa amefanya hesabu bila kuambiwa ni hesabu. Na akimaliza, muulize atauza bei gani.