Ugonjwa wa Ghafula: Usingoje Kuche

Ni wakati wetu tena wa Elimu ya Watu Wazima. Kaeni kitako, na mwenye kalamu aishike, kwa maana leo zipo namba za kuandika. Somo letu ni hili: ni wakati gani mgonjwa akimbizwe hospitali bila kungoja, na akimbizwe namna gani.

Tuanze kwa mfano. Tuseme ipo nyumba moja katika kitongoji cha ndani, kupita Buzwagi, wilaya ya Kahama. Mtoto wa miaka miwili ameshinda na homa. Saa nne ya usiku anashikwa na degedege: macho yanageuka, mikono na miguu inakakamaa, povu linatoka. Mama anapiga kelele. Bibi anakuja, anasema, "Hili ni degedege, msimpeleke kwenye sindano, atakufa." Anatumwa mtu kumwita mganga wa miti shamba. Baba yuko machimboni, simu yake haipatikani, na mama aona vibaya kuondoka bila ruhusa. Saa saba mganga anafika, anafukiza dawa. Saa tisa mtoto hajitambui. Saa kumi baba anapatikana, anasema, "Mpelekeni." Sasa yatafutwa nauli. Saa kumi na moja na dakika 20 alfajiri bodaboda inaondoka. Saa kumi na mbili kamili mtoto yuko mikononi mwa mwuguzi.

Haya, tufanye hesabu. Tangu saa nne ya usiku mpaka saa kumi na mbili ni saa 8. Njia imekula dakika 40. Nyumba imekula saa 7 na dakika 20. Mara nyingi twalaumu barabara, na kweli barabara zetu zina mashimo. Lakini usiku ule barabara haikuwa mkosaji mkubwa.

Jambo hili wataalamu wamelichungua. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine wa Marekani waliandika juu ya vifo vya wanawake wajawazito, wakaugawa ucheleweshaji katika mafungu matatu. La kwanza ni kuchelewa kuamua nyumbani. La pili ni kuchelewa njiani. La tatu ni kuchelewa kutibiwa baada ya kufika. Fungu la pili na la tatu huhitaji barabara, magari, madaktari na dawa, na hayo twaidai serikali na halmashauri zetu. Fungu la kwanza liko mikononi mwetu wenyewe. Usiku wa leo laweza kupunguzwa, wala hatuhitaji fedha za kulipunguzia.

Sasa tumjibu bibi, tena kwa heshima, maana hakusema kwa ubaya. Ni kweli wako watoto waliochomwa sindano wakafa. Lakini tazameni walifika saa ngapi. Malaria kali ilikwisha kupanda kichwani, na sindano ikakuta mambo yameharibika. Degedege la namna hii si ndege wala shetani. Ni alama kwamba ubongo wa mtoto umeingiwa na taabu, na katika mikoa yetu ya Ziwa malaria ni moja ya sababu kubwa. Dawa ya malaria kali ni artesunate, nayo hutolewa kwa sindano. Kwa hiyo sindano ile bibi anayoiogopa ndiyo imwokoayo mjukuu wake, mradi imkute mapema.

Je, ni alama zipi zisizongoja kuche? Andikeni.

Kwa mtoto: degedege, kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, kifua kikibonyea, kulegea au kutoamka.

Kwa mama mjamzito au aliyejifungua: kutokwa damu nyingi, kuumwa kichwa sana pamoja na kuona kiwi, kifafa, homa kali, uchungu uliopita kiasi, mtoto tumboni kuacha kucheza.

Kwa mtu yeyote: kupoteza fahamu, kupumua kwa shida, maumivu makali ya kifua, mdomo kwenda upande, au mkono na mguu wa upande mmoja kufa ganzi ghafula, damu isiyokatika, kuungua sehemu kubwa ya mwili, kuumwa na nyoka, kunywa sumu, kuanguka kutoka juu au kugongwa.

Juu ya damu ya uzazi nitaongeza neno. Mama aliyejifungua akivuja damu nyingi aweza kufa kwa muda wa saa mbili. Mkoani Kigoma wakunga wa jadi walifundishwa kupima damu kwa khanga, na habari za kazi hiyo zilichapishwa mwaka 2005. Khanga mbili zikilowa, damu iliyotoka imepita nusu lita. Basi wewe usiingoje khanga ya pili. Ya kwanza ikilowa, mama awe njiani.

Yapo pia magonjwa yasiyo ya dharura: mafua, vipele, mgongo wa siku nyingi, kikohozi cha majuma mawili. Hayo yapelekwe zahanati asubuhi. Hata kikohozi hicho kisidharauliwe, hasa kwa wachimbaji wanaovuta vumbi la mawe, maana chaweza kuwa kifua kikuu. Lakini hakihitaji kuamsha kijiji usiku wa manane.

Sasa tuje kwenye kufika. Kwa mama mjamzito, kwa mama aliyejifungua karibuni, na kwa mtoto mchanga, iko namba 115. Andikeni: moja, moja, tano. Simu hiyo haina malipo. Ni ya mpango uitwao m-mama, uliojaribiwa kwanza katika Kanda hii ya Ziwa, Sengerema na kisha mkoa wetu wa Shinyanga, kabla ya kuzinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Anayepokea simu huuliza maswali juu ya hali ya mgonjwa, kisha huita gari la wagonjwa. Kama gari hilo liko mbali, humwita dereva wa kijamii, yaani mtu wa karibu mwenye gari aliyeandikishwa kwa kazi hiyo. Dereva akimfikisha mgonjwa hulipwa kwa njia ya simu. Mama hatoi nauli. Kwa hiyo neno la "tunatafuta nauli kwanza" lisisikike tena kwa mzazi.

Lakini msikosee. Mpango huo ni wa wazazi na watoto wachanga. Kwa dharura nyingine lazima nyumba iwe na shauri lake mapema. Jua namba ya dereva mmoja au wawili wanaokubali kuamshwa usiku. Jua namba ya zahanati yako. Polisi ni 112, na Zimamoto na Uokoaji ni 114. Namba hizi ziandikwe ukutani kwa makaa, zisikae ndani ya simu ya baba tu, kwa sababu simu ya baba huenda machimboni pamoja na baba. Na ruhusa itolewe leo mchana: "Mama fulani, nikiwa sipo na mtoto akazidiwa, ondoka. Usiniulize."

Hapa kwetu liko jambo jingine. Mgodi mkubwa wa Buzwagi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2009, na uchimbaji wake umekoma. Lakini dhahabu imeleta watu wengi katika mikoa ya Shinyanga na Geita, na wengi wao wanakaa vyumba vya kupanga, hawana shangazi wala mjomba karibu. Ndugu mgeni, akikupata mkasa nani atakubeba? Mwambie jirani jina lako kamili na mahali ulikotoka, na uweke mfukoni karatasi yenye namba ya ndugu yako.

Kwa wachimbaji wadogo, sikilizeni sana. Mwenzako akianguka shimoni ghafula bila kugongwa na kitu, huenda ndani mna hewa mbaya. Usimfuate mbio, kwa maana wengi wamekufa wakimfuata mmoja. Ita waokoaji, pelekeni hewa safi ndani, na anayeshuka afungwe kamba. Na aliyetolewa kwenye shimo lililoporomoka apelekwe hospitali hata kama anatembea kwa miguu yake, kwa kuwa aweza kuwa anavuja damu tumboni. Mwezi wa Oktoba mwaka 2015 shimo liliporomoka katika machimbo ya Nyangarata, hapa hapa wilaya ya Kahama, na watu watano walitolewa hai baada ya siku 41. Mtu aliyekaa na njaa muda mrefu namna hiyo asishindiliwe chakula kingi kwa furaha. Mwili wake haukiwezi, nacho chaweza kumwua. Daktari ndiye apime.

Mkiwa mnangoja gari, fanyeni yafaayo. Mwenye degedege mlazeni kwa ubavu, msitie kijiko wala maji kinywani. Jeraha linalotoka damu likandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi dakika 20, asipakwe asali, mafuta wala dawa ya meno. Aliyeumwa na nyoka atulizwe na kiungo kisitikiswe. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza.

Mkiondoka chukueni kadi ya kliniki, kadi ya bima kama ipo, na dawa zote alizokunywa. Kama amekunywa miti shamba, semeni kweli. Mwuguzi hakuulizeni ili awafokee. Dawa mbili zaweza kugombana mwilini. Nendeni na ndugu wenye afya wanaoweza kutoa damu. Tena, dharura haihitaji barua ya rufaa. Kama mtu ameumizwa au amegongwa, itatakiwa fomu ya polisi iitwayo PF3, lakini mtu mmoja aende polisi na mgonjwa aende hospitali wakati ule ule. Fomu ni ya ushahidi, haizuii damu.

Mkifika, semeni kwa sauti: "Huyu ni wa dharura." Elezeni mambo manne kwa ufupi: kimetokea nini, kimeanza saa ngapi, amepewa dawa gani, na kama ni mwanamke, ana mimba au hana. Msikae kimya kwenye benchi kwa adabu. Mgonjwa akibadilika mkingoja, inukeni mkaseme tena.

Wengine hukasirika wakiona aliyekuja nyuma ameingia mbele. Hii si lazima iwe upendeleo. Zaidi ya miaka 200 iliyopita Dominique Jean Larrey, mpasuaji katika majeshi ya Napoleon wa Ufaransa, aliwatibu majeruhi kwa kadiri ya ubaya wa jeraha, bila kutazama cheo. Desturi hiyo imeenea duniani. Hapa Tanzania idara ya kwanza kamili ya wagonjwa wa dharura katika hospitali ya serikali ilifunguliwa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2010, na tangu hapo majengo ya kazi hiyo yamejengwa mikoani na wilayani. Wagonjwa hugawanywa kwa rangi: mwekundu sasa hivi, wa manjano baada yake, wa kijani angoje. Ukiambiwa ungoje, furahi kidogo. Maana yake hufi leo.

Na tukirudi kwa mtoto wetu wa kitongojini: kama angeondoka saa nne na nusu, angefika saa tano na dakika 10. Barabara ni ile ile, bodaboda ni ile ile, na hospitali ni ile ile.

Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi wakasikiliza redio, kisha wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Nanyi msiinuke bure. Jibuni kwanza maswali haya katika kikundi chenu:

1. Katika nyumba yako, nani anaruhusiwa kusema "twende" kama baba hayupo?
2. Ni dereva gani katika kitongoji chenu anayekubali kuamshwa usiku? Namba yake ni ipi?
3. Namba 115 ni ya wagonjwa gani?
4. Taja alama tatu za mtoto asiyengoja kuche.

Asiyejua kuandika na aombe mtoto wa shule amwandikie namba zile ukutani, leo kabla ya kulala. Kwaherini, na Mungu awape usiku mwema.