Shosti, Mifupa Yako Iko Fiti?
Mama kateleza kidogo tu bafuni, nyonga imevunjika! Tunasingizia uzee, kumbe ni osteoporosisi: mifupa ilianza kudhoofika kimyakimya miaka mingi nyuma. Mwili hujiwekea akiba ya mifupa mpaka kwenye miaka 30 hivi. Baada ya hapo ni kutoa tu. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka na mifupa hupungua kwa kasi.

Walio hatarini zaidi? Wanaojinyima kula ili wawe modo hadi wanakosa siku zao, wavuta sigara, walevi, wanaomeza vidonge vya steroidi muda mrefu, na ambao mzazi wao alivunjika nyonga. Akina kaka msicheke, yanawahusu pia.

Kula dagaa, kunywa maziwa, tembea, ota jua. Akiba haiozi, dada!