Soave na Perege wa Ziwa Jipe

Soave ni mvinyo mweupe usio na utamu, unaotoka vilima vya mashariki mwa Verona, kaskazini mwa Italia. Angalau asilimia 70 ya zabibu zake huwa za aina ya garganega, zenye uchachu na harufu ya mbali ya lozi. Kama ndimu, uchachu huo hukata mafuta ya chakula.

Huko Taita Taveta, nchini Kenya, mvinyo huu hufaana na perege wa Ziwa Jipe aliyekaangwa kwa chumvi na kitunguu saumu. Kimanga, yaani muhogo uliopondwa na maharagwe, nacho huupokea vyema kwa upole wa ladha yake. Pilipili nyingi haifai, kwani pombe huzidisha mwasho wake. Katika joto la mji wa Voi huko huko, chupa hupozwa hadi nyuzi 8 au 10 za Selsiasi.