Je, Wajua? Mzunguko wa Ziwa Nakuru

Je, wajua kwamba njia ya kulizunguka Ziwa Nakuru, ambayo mkimbiaji mwenye pumzi angeitamani kuliko nyingi za Bonde la Ufa, haipitiki kwa miguu bila idhini maalumu? Tangu mwaka 1968 ardhi hiyo ni hifadhi ya taifa, na kwa ajili ya simba, nyati na vifaru, mgeni haruhusiwi kushuka garini ila mahali palipotengwa. Nami naiona sheria hiyo kuwa ya haki.

La ajabu zaidi ni ziwa lenyewe. Kwa kuwa halina mto utokao, maji yaletwayo na mito ya Njoro, Makalia na Nderit aghalabu huondoka kwa mvuke tu. Na yalipoanza kupanda, yapata mwaka 2010, yaligharikisha lango kuu la zamani pamoja na sehemu za barabara ya ufukoni, migunga ikafa wima majini, na mzunguko ukalazimika kusogea nchi kavu.

Hata aliyepewa ruhusa, akiwa ametoka pwani, hana budi kujihadhari: huko ni takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na pumzi huisha upesi.