Mtaa usipangwe bila wenye mtaa

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii hunijia akilini kila nisikiapo kwamba mtaa fulani wa Nairobi umechorewa ramani na watu ambao hawajalala humo hata usiku mmoja.

Mtindo huo haukuanza jana. Mpango Mkuu wa mwaka 1948 uliyagawa makazi ya jiji hili katika vitongoji. Hata hivyo, uliandaliwa na wataalamu wa kigeni kwa ajili ya mji mkuu wa koloni, na Mwafrika hakuwa na kauli juu ya mahali atakapoishi.

Mukuru ilituonyesha njia tofauti. Mnamo Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalumu la upangaji. Familia zipatazo 100,000 ziliishi humo. Wakazi walijiunga katika makundi ya nyumba kumi kumi, yaliyojulikana kama Tujuane Tujengane, wakajadiliana na wataalamu kuhusu maji, vyoo, shule, zahanati na barabara. Ilidhihirika kwamba barabara zikipanuliwa kwa vipimo vya kawaida, watu wengi mno wangepoteza makao. Kwa hiyo njia nyembamba zaidi zikapendekezwa.

Wapo watakaouliza: mtu asiye na hatimiliki ana haki gani ya kupanga? Nami nawajibu kwamba Katiba ya 2010 imeutaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Haikusema wananchi wenye hatimiliki pekee. Isitoshe, ni nani ajuaye mahali maji ya mvua yanapotuama kumshinda mama anayeyachota sakafuni mwake usiku?

Lakini mpango, hata ukiwa mzuri namna gani, hauwezi kujilinda. Mwishoni mwa mwaka 2021, maelfu ya wakazi wa Mukuru kwa Njenga waliachwa bila makao baada ya ubomoaji ulioanza kwa sababu ya kupisha barabara. Watu waliokuwa wameitwa mezani kupanga mtaa wao walijikuta wakilala nje.

Ndiyo maana nasema kuwasikiliza wakazi hakutoshi. Neno lao likishaandikwa katika mpango, tingatinga na lilitii. La sivyo, tutakuwa tumewaita watu wapimiwe kitanda, kisha tukawalaza chini.