Gari liliinuliwa, ndoa ikayumba

Wadada mlioolewa na mwanaume mwenye mke wa pili wa chuma, mtanielewa. Wangu ana Land Cruiser 80, lile lenye ekseli nzima na springi za koili mbele na nyuma. Mwaka 2019 alilipeleka gereji likainuliwa inchi 2, eti lipite vizuri porini. Lilirudi limependeza kweli, majirani wakatoka nje kuliangalia.

Wiki iliyofuata nikaenda nalo Morogoro, watoto wakiwa nyuma. Tulipopita Chalinze nikaona makubwa. Usukani mwepesi kupita kiasi, gari linatangatanga, nikikata kona usukani haurudi wenyewe. Kila basi likitupita, jasho linanitoka.

Nikamwambia Baba Neema. Akacheka. "Mama Neema, hujazoea tu gari refu." Gereji wakamuuzia shokapu kubwa ya usukani. Mtikisiko ukapungua, kutangatanga kukabaki palepale. Nikagoma kupakia watoto humo. Tukaacha kuongelea gari, mwisho tukaacha kuongea kabisa.

Aliyetuokoa ni fundi mmoja mzee. Hakuuliza nani hajui kuendesha. Alituonyesha baiskeli iliyoegeshwa pale. "Uma wa mbele umelala nyuma kidogo. Ndiyo maana ikitembea inajinyoosha."

Kumbe magurudumu ya gari nayo yanageukia kwenye mstari uliolala hivyo. Ekseli ya mbele inashikwa na mikono miwili inayotokea nyuma yake. Ukiweka springi ndefu bila kuigusa mikono hiyo, ekseli inazunguka kwa mbele na mlalo unapungua, karibu nyuzi 1 kwa kila inchi. Na gari hili kiwandani linatoka na nyuzi kama 3 tu! Mashine ya alaimenti ilisoma chini ya 1. Tena panadi rodi, ile fimbo inayozuia ekseli isiende pembeni, ilikuwa imeivuta upande mmoja. Shokapu ya usukani inatuliza mtikisiko tu, mlalo hairudishi.

Fundi akafunga bushi zenye tundu lisilo katikati, panadi rodi ya kurekebishika na mipira ya breki mirefu zaidi, kwani ya zamani ilikuwa inavutika. Akapima upya: karibu nyuzi 3.

Baba Neema aliisoma ile karatasi mara mbili. Njia nzima kimya. Tulipofika nyumbani ndipo akasema, "Ungepata ajali na watoto, mimi nakucheka. Nisamehe, mama."

Sijawahi kupewa zawadi iliyozidi hiyo.

Shosti, gari lenu likiinuliwa, dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Na nyie kina baba, mkeo akikwambia usukani haurudi, chukua funguo, kaiendeshe barabara hiyohiyo, ndipo umjibu.